Kinga Isiyolala: Siku Mbili Mwadingusha



Mnakumbuka tuliwaandikia habari ya mwenzetu anayetuuzia samaki wa kukausha, kwamba kinga yake imeharibika rulibre, tukaomba kila mama atoe alichonacho. Mlitoa. Leo tunawaletea hesabu ya feza zile, na hesabu yenyewe haikutoka kama tulivyofikiri, ndiyo maana imekuwa ndefu. Mwenye chungu jikoni akiipue kwanza.

Kwa wale wasiopanda baiskeli: rulibre ni kile chuma chenye meno kilicho katikati ya gurudumu la nyuma, pale mnyororo unapopita. Ndani yake mna vikucha vidogo vinavyosukumwa na springi. Ukikanyaga, vikucha vinashika na gurudumu linakwenda. Ukituliza miguu, vinaachia, gurudumu linaendelea lenyewe huku likilia tik-tik-tik. Vikucha vya mwenzetu vilikuwa vimelika kabisa. Alikuwa anakanyaga hewa, na magunia mawili ya samaki nyuma yake. Fundi wa mtaani akamtajia bei ya rulibre mpya, akamtazama usoni, kisha akamwambia iko njia nyingine. Akakichomelea kile chuma, sehemu ya ndani na ya nje zikawa kitu kimoja. Tangu siku ile gurudumu likizunguka na miguu inazunguka. Hakuna kuituliza juani wala kivulini, kwenye mlima wala kwenye mteremko. Watoto wa mtaa wakaipa jina: kinga isiyolala.

Mamakwe wake hakufurahi. Alisema mwanamke anayekanyaga hata akishuka mteremko anaonekana kama mtu anayefukuzwa. Na sisi, tuseme ukweli, tulimwonea huruma. Ndiyo maana tulichanga.

Yeye huenda Mwadingusha kununua samaki. Kutoka Likasi ni kiasi cha kilomita 70, anapanda lori na kinga yake inafungwa juu ya mizigo. Akifika huko anazunguka kwa kinga kambi za wavuvi kando ya ziwa, huku kilo tano, kule kilo kumi, mpaka magunia yajae. Safari hii tukaamua kwenda naye, wamama wanne pamoja naye, kinga tatu. Tulikuwa na feza zenu ndani ya kitambaa, tukitaka kumkabidhi huko huko mbele ya fundi, shughuli iishe.

Lori lilituteremsha alasiri, wote tukiwa weupe kwa vumbi kama watu waliopakwa unga. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa bado. Mahali pale ni pazuri, na wengi wetu tuliozaliwa Likasi hatujawahi kupafikia, ingawa tangu utoto tumewasha taa kwa umeme wa kutoka huko. Mto Lufira unakuja kutoka kusini, unazuiwa na bwawa, na nyuma ya bwawa ndilo ziwa Tshangalele, ambalo halikuumbwa na Mungu bali na ukuta ule. Mbele ya bwawa maji yalikuwa yanaanguka toka zamani. Wabelgiji waliyaita maporomoko ya Cornet, kwa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe aliyepita Katanga kati ya 1891 na 1893. Mtambo wa umeme ulianza kazi 1930, ukaitwa Francqui, kwa jina la mwenzake wa safari ile ile. Kazi yake ilikuwa kulisha viwanda vya shaba vya Union Minière, na mji wetu ukiitwa bado Jadotville. Baadaye, chini zaidi kwenye mto huo huo, ukajengwa mtambo wa Koni. Wa Mwadingusha ulizeeka, ukatengenezwa upya, na 2021 ukarudi kwenye nyaya na mashine 6 mpya zenye nguvu ya megawati 78.

Hatukuingia ndani, walinzi wana sheria zao. Lakini ukisimama kimya unasikia ngurumo ile kupitia nyayo za miguu kabla masikio hayajaisikia. Shikeni jambo hilo la nyayo, tutalirudia.

Jioni ile, katika kiwanja kimoja chenye miembe, ndipo yote yalipoanza. Mmoja wetu, mnene kidogo na mcheshi sana, alimwambia mwenzetu: «Dada, hebu nionje mateso yako.» Akakunja kikwembe, akapanda, akaenda mita kumi vizuri tu. Halafu akafanya kile kila mtu mwenye kinga ya kawaida anachofanya bila kuwaza: akatuliza miguu. Kinga haikutulia. Pedali zilimwinua juu ya kiti kama punda anayekataa mzigo, akapiga yowe, akashuka upande. Tulicheka mpaka watoto wa jirani wakaja kutazama wamama wazima wana nini.

Mwenzetu hakucheka sana. Alisema kwa upole: «Usimwambie akae. Mfuate.» Akatufundisha mmoja mmoja. Kupanda: unasukuma kinga hatua mbili, unangoja pedali ije juu yenyewe, ndipo unaikanyaga inaposhuka. Kushuka: unangoja pedali ifike chini, unasimama juu yake, na inapoanza kupanda inakuinua na kukuweka chini taratibu, kama mtu anayekupokea mkono. Kupunguza mwendo: husukumi mbele, unakandamiza kinyume, unalizuia gurudumu kwa uzito wa mguu unaopanda. Mwanzoni magoti yanakataa. Baada ya nusu saa yanaelewa, na ukishaelewa huwezi kueleza umeelewaje, kama vile huwezi kumweleza mtoto jinsi ya kusonga bukari mpaka ashike mwiko mwenyewe.

Asubuhi tukaondoka kwenda ziwani, tukipokezana kinga hiyo. Njia ni ya udongo mwekundu, inapita kati ya miti na vile vichuguu vyetu vya Katanga vilivyo virefu kuliko nyumba. Tulitarajia kuchoka. Tulichokipata ndicho tunachotaka kuwaambia.

Kwanza, mlima. Kwenye kinga ya kawaida kuna mahali miguu inafika, moja juu moja chini, ambapo nguvu inakatika, na mtu mwenye mzigo anatikisika hapo. Kwenye hii, gurudumu lenyewe linaubeba mguu kuuvusha mahali pale. Unapanda kwa mwendo mmoja, kama kutwanga kwa michi miwili, wewe ukishuka mwingine anapanda. Mmoja wetu alianza kuimba bila kujua, na wimbo ulikuwa unaenda sawasawa na pedali.

Kisha mchanga. Kando ya ziwa kuna vipande vya mchanga mlaini vinavyomwangusha mtu kabla hajaviona. Kwenye kinga isiyolala unavisikia miguuni: gurudumu la nyuma likianza kuteleza, pedali zinakuwa nyepesi ghafla, na mguu umeshajua kabla jicho halijajua. Ni ile ngurumo ya mtambo tena, iliyotufikia kwa nyayo. Barabara nzima ilikuwa inaongea kutoka chini: hapa changarawe, hapa mzizi, hapa pagumu, pita.

Na ule mwendo wa polepole! Hili ndilo lililotupendeza zaidi, na hatukulitegemea. Tulimkuta nkambo mmoja anatoka kuokota kuni, mzigo kichwani. Kinga za kawaida mbili zilimpita, maana ukiipunguza sana kinga inayumba. Mwenzetu alibaki. Alienda naye sambamba, kwa mwendo wa kutembea kabisa, akiizuia na kuisukuma kwa miguu, kidogo mbele, kidogo imesimama, mikono imetulia. Waliongea habari za mahindi, za wajukuu, za dawa ya mgongo. Sisi tulingoja mbele kwenye kivuli. Alipofika tukamwuliza alijifunza wapi kupanda hivyo. Akasema: «Kwa kukosa feza.»

Tukanyamaza kidogo. Halafu akaongeza: «Lakini nimeipenda.»

Wamama, hebu tukae kwenye neno hilo. Sisi wa kikundi tunaandika kila juma habari za lishe, chanjo, karo, mikopo, na ni habari nzuri. Lakini njiani pale tulijiuliza ni lini mara ya mwisho mmoja wetu alifanya jambo kwa sababu tu ni tamu. Hakuna aliyejibu upesi. Mwenzetu hakuwa anateseka. Sisi ndio tulimwandikia mateso, tukayachangia.

Baadaye tulisoma kidogo, tukaona kwamba yeye si wa kwanza. Baiskeli nyingi za zamani zilikuwa hivyo, gurudumu na pedali kitu kimoja. Rulibre ilienea tu mwishoni mwa karne ya 19. Wanawake wa Ulaya na Marekani wa miaka ya 1890, wale wa kwanza kupanda kwa wingi, wengi wao walipanda kinga kama ya mwenzetu, na walisemwa kama yeye. Walikuwako hata madaktari walioonya kwamba baiskeli itawaharibu uso, wabaki wamekunja sura maisha yao yote. Mamakwe wetu angewapenda madaktari hao. Na hata leo, katika viwanja vya duara vya mashindano, baiskeli zote hazina rulibre wala breki. Mbelgiji Eddy Merckx alipanda ya namna hiyo mjini Mexico 1972, akaenda zaidi ya kilomita 49 kwa saa moja. Yeye hakuwa na samaki nyuma.

Sasa tufike kwenye mteremko.

Tuliporudi mchana, magunia yakiwa nusu, tulipita mahali njia inaposhuka kuelekea mto. Zamu ilikuwa ya yule mcheshi. Tayari alikuwa fundi, alijiona. Alianza kushuka vizuri, akikandamiza kinyume, miguu ikizuia. Halafu tukaona miguu yake imeanza kwenda bila kufuatana na gurudumu. Pedali zililegea mara moja. Alishika breki: za nyuma hazikuwepo, na mpira wa mbele ulikuwa umelika ukabaki chuma kinachokwaruza. Kinga ilienda. Tulimwona anapita, kikwembe kinapepea, hasemi neno, na mtu huyo haijawahi kutokea akakosa neno. Chini njia inapinda. Yeye hakupinda, aliingia kwenye nyasi ndefu, akaenda, akapotea, tukasikia kishindo.

Tulikimbia. Alikuwa amekaa chini ameegemea kichuguu, kiwiko kinatoka damu, nyasi kwenye nywele. Alisema: «Samaki wako salama?» Ndipo tukaanza kulia, tukicheka ndani ya machozi. Tulimwosha kwa maji ya kunywa, tukafunga kiwiko kwa kitambaa cha kichwa. Kama nyasi zingekuwa zimeshachomwa, kama kawaida ya msimu ule, pangekuwa mawe matupu. Tuna watoto kumi na saba sisi wanne. Tuliwahesabu wote pale.

Fundi wa Mwadingusha ni kijana mwenye kibanda cha mabati na mikono myeusi ya grisi. Aligeuza kinga chini juu, akatazama, akatuonyesha kosa. Rulibre inakazwa kwenye kitovu cha gurudumu kwa nyuzi, kama kifuniko cha chupa. Ukikanyaga mbele, inazidi kujikaza. Kwenye kinga ya kawaida hakuna anayeikandamiza kinyume, kwa hiyo nyuzi zinatosha. Lakini kwenye kinga isiyolala, kila unapozuia kwa miguu unaifungua kidogo. Mwenzetu alikuwa na bahati miezi yote ile kwa sababu anajua kuzuia polepole. Mcheshi wetu alizuia kwa nguvu, ikafunguka. Tunaandika hili kwa herufi kubwa kama tungeweza, maana tunajua wako wengine mtaani waliochomelewa hivyo: kuchomelea rulibre peke yake hakutoshi, na kinga hiyo bila breki ya mbele inayoshika ni hatari.

Fundi akasema ziko njia mbili. Ya kwanza, rulibre mpya, anayo moja hapo. Ya pili, kuchomelea chuma chenye meno kwenye kitovu chenyewe, pande zote, kisifunguke tena. «Lakini, mama, ukishachomelea hapa hakuna kurudi. Ukitaka rulibre siku nyingine, unanunua kitovu kizima.»

Tukatoa kitambaa chenye feza zenu, tukakiweka juu ya meza. Tukamweleza: hizi ni za wamama, za rulibre. Tulikuwa tumeiona damu, tulitaka arudi kwenye tik-tik-tik.

Mwenzetu aliishika ile rulibre mpya, akaizungusha kwa kidole, akaisikiliza. Akaiweka. Akaomba wakati, akaenda kukaa nje kwenye jiwe. Yule wa kiwiko akamfuata, na sisi tulisikia kwa sababu ukuta ni wa mabati.

«Dada, chukua mpya. Una watoto.»

«Ninajua nina watoto.»

«Basi?»

«Nikiwa juu ya ile, kichwa changu kinanyamaza. Nyumbani hakinyamazi, sokoni hakinyamazi. Pale siwezi kuwaza deni, maana nikiwaza deni inanirusha.» Alikaa kidogo. «Lakini wewe umeanguka kwa ajili yangu. Sema wewe.»

Yule wa kiwiko hakujibu upesi. Mwishoni alisema: «Breki kwanza. Mbele na nyuma. Zikiwa mpya zote mbili, chomelea.»

Hivi ndivyo feza zenu zilivyotumika: mipira minne ya breki mipya, vyuma viwili vya kuvutia breki vilivyonyooshwa na kutiwa mafuta, kazi ya kuchomelea, na bati la kufunika mnyororo, ambalo fundi alilikata kutoka kopo la mafuta ya kula. Hilo bati msilidharau. Kwenye kinga ya kawaida kikwembe kikiingia kwenye mnyororo unatuliza miguu, unakitoa. Kwenye hii mnyororo hautulii mpaka gurudumu lisimame, na unaweza kukuvuta na nguo yako. Na vidole vya watoto vivyo hivyo: hii haisafishwi huku gurudumu linazunguka, na mtoto asikae karibu nayo ikiwa imegeuzwa chini juu. Mwenzetu ameahidi, nyumbani itatundikwa ukutani.

Kilichobaki tulinunua samaki, na waliotoa mchango watapata fungu lao Jumamosi baada ya mkutano. Kama kuna mama anayeona feza hazikutumika kwa kazi aliyozitolea, aje aseme, tutamsikiliza. Mamakwe ameshasema yake, kwa kirefu.

Asubuhi ya mwisho, kabla ya lori, tulikwenda tena ziwani kumalizia magunia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mitumbwi inatoka ndani yake mmoja mmoja, na ndege weupe wamesimama kwenye matete kama watu wanaongoja kuitwa. Bonde hili la Lufira tangu 2017 limeandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yanayolindwa duniani. Wavuvi walisema ndege walikuwako kabla ya orodha. Walituuzia kambale na samaki wadogo, tukanywa munkoyo wa moto wa jua la jana, bado mtamu.

Kurudi, yule wa kiwiko alidai zamu yake. Tulikataa. Alidai tena. Mwenzetu akamshikia kiti, akatembea kando yake mpaka kwenye ule mteremko, na pale juu akaachia. Alishuka miguu ikizunguka haraka kama cherehani, mkono mmoja kwenye breki, akiongea njia nzima peke yake kwa sauti, akiita pedali majina, na kwenye kona alipinda.